Safu ya Kurudisha

Maji yaliingia usiku wa Jumatano.
Mbwemkuru ukapanda ngazi za zahanati
kama mgonjwa asiyetaka foleni.
Kulipokucha, kaya mia nne na kumi na mbili
zilikuwa ndani ya madarasa yetu, Nanjirinji,
na ubaoni kwangu hesabu ya darasa la tano haijafutwa:
gunia moja, watu wanane, kila mmoja apate ngapi?

Siku ya pili watu wa upande wa Ruangwa walifika na trekta.
Makopa, chumvi, mashuka
waliyoyavua vitandani mwao, bado yana joto.
Hawakutuandikisha.

Siku ya tisa redio ikasema
kuna kikao kimekaa nchi ya mbali,
mabilioni yameahidiwa.
Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga.
Ahadi ni deni, ndivyo tulivyofunzwa;
sikujua kuwa deni nalo lina awamu,
lina kifungu, lina mwaka wake wa fedha,
na kwamba kila meza linayopita
linaiachia pango la meza hiyo,
nauli ya mkaguzi, mafuta ya gari la mkaguzi wa mkaguzi.

Wiki ya saba wakanipa fulana, kalamu na fomu.
Mwalimu Nnunduma, karani wa stoo.
Jina. Umri. Dole gumba. Ndoo ngapi.
Mablanketi yakaja elfu moja na mia mbili
katika jua lililokausha hata vyura.
Nikauliza: hela hizi haziwezi kuwa mbegu za ufuta?
Msimu bado haujatutupa.

Danford wa mradi, kijana mwema,
macho mekundu kwa kukesha na ripoti,
akanifunulia karatasi.
Hela hii, Mwalimu, ni ya kujifunika.
Ya kupanda ilikuwa hela nyingine,
nayo imehamishiwa kwenye vita
vilivyoanza juzi, kwingine.
Akakunja karatasi polepole.
Maafa nayo hugombea. Ya kwenu
yalipigwa picha wiki moja tu.

Lakini nisikufuru.
Vidonge vya maji vilitangulia kipindupindu,
na katika kaya zote zile
tulizika mtu mmoja, naye kwa uzee.
Kuna mtu mahali alikatwa mshahara,
sarafu ya kwao, hajui Kilwa iko wapi,
na sarafu ile ikawa tumbo la mwanangu lisilouma.
Haya yote mawili nayaandika kwa wino mmoja.

Mbegu tulikopa kwa wale wale wa trekta,
kikombe kwa kikombe,
bila fomu, kwa kutazamana usoni.

Mwezi wa saba Bi Somoe Nang'uku akaja stoo.
Stoo tupu: kufuli, mimi, panya mmoja.
Akafungua pindo la kanga,
kibaba cha ufuta mpya, umepepetwa ukapepetwa tena.
"Cha yule mfadhili. Anaitwa nani?"
Nikamwambia ni wengi, Bi. Ni nchi, ni mifuko, ni makampuni.
"Na wote hao hawali?"

Nikafungua daftari nitafute pa kukiweka.
Kilichopokelewa. Kilichogawiwa.
Kilichobaki. Kilichoharibika.
Safu ya kurudisha haikuwepo.
Akanitazama kama mtu anayemzuia mlangoni kwa jirani yake.
"Si una kalamu? Chora."

Nikachora, kwa rula ya darasa la tano, mstari ukaenda upande.
Kutoka: Somoe Nang'uku, kaya ya themanini na nane.
Kwenda:
na hapo pako wazi mpaka leo.

Mkaguzi alikuja Novemba.
Alikikuta kabatini, juu ya boksi la chaki,
akakipima, akanusa, akatafuna punje mbili tatu,
kisha akaandika kwa wino mwekundu:
ziada, haina maelezo.